Sahihi ya Mnusa Chupa

Kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa ilikuwa kunusa chupa. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti ambacho mama yangu alikitia fremu na kukitundika sebuleni karibu na kalenda ya kanisa, na kwa nguvu za cheti hicho nikaketi kwenye kiti cha mbao ndani ya kiwanda kimoja hapa Kisumu, nikiinua chupa tupu moja baada ya nyingine na kuipeleka puani.

Kiwanda kilikuwa cha watu wa ng'ambo, wenye viwanda kama hicho katika nchi nyingi. Tulitengeneza sharubati, ile nzito ya kuchanganya na maji, yenye picha ya chungwa kwenye lebo. Sukari ilitoka Muhoroni, maji yalitoka ziwani, na rangi ilikuja kwa mapipa kutoka huko huko kwa wenyewe. Chungwa lenyewe sikuwahi kuliona likipita getini.

Chupa zilikuwa za kioo, na maduka yalizirudisha zikishaisha. Lakini kabla ya kurudi zilikuwa zimeishi maisha mengine. Watu wa kwetu hawawezi kuona chupa nzuri yenye kifuniko ikikaa bure. Ilitiwa asali, ilitiwa dawa ya ng'ombe, ilitiwa pombe ya chang'aa ikapelekwa matangani. Hizo zote mashine ya kuoshea iliziweza. Ile iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa ndiyo haikusahau. Ungeiosha mara tano, na sharubati ikiingia ndani, mafuta ya taa nayo yangejitokeza kusalimia wageni. Ndiyo sababu tulikaa watu wanane mbele ya mashine, wanawake sita na wanaume wawili, kila mmoja na pua yake. Pumzi moja tu: mzima kulia, mgonjwa kushoto. Ndivyo tulivyoziita.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha Mama. Wengine walikuwa mama wa fulani na fulani, lakini yeye alikuwa Mama tu, kwa sababu alikuwepo kabla ya mashine yenyewe kupakwa rangi, na ndiye aliyetufundisha sote. Siku yangu ya kwanza nilivuta harufu ya chupa kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka.

"Usivute kama mtu wa ugoro," aliniambia. "Gusa tu na pua uondoke. Kama unasalimia mama mkwe."

Tulinusa kwa dakika ishirini, kisha tukatoka uani kupanga kreti kwa dakika nyingine ishirini ili pua ipumzike, maana mashine ile ilitema mvuke wa dawa kali iliyoweza kutoboa aproni. Uani kulikuwa na upepo wa ziwa. Ulisimama pale, ukapiga chafya mara mbili, pua ikarudi kazini.

King'ora cha saa kumi na moja kilipolia, wenzangu walikwenda Kondele kutafuta meza na chupa za aina nyingine. Mimi nilipanda baiskeli kwenda Manyatta. Nyumbani kulikuwa na kiti changu, redio yangu, mke wangu, na samaki wa ngege aliyekaangwa akarudishwa kwenye nyanya. Sikuona ni kitu gani mtu angekitafuta kwingine. Walinicheka sana.

"Huyu hakuoa mwanamke," mmoja alipenda kusema. "Huyu ameoa nyumba. Hata paa analiita mpenzi."

Sikukasirika. Paa lilikuwa langu na halikuvuja.

Sasa, jinsi mtu kama huyo alivyogeuka kuwa mwakilishi wa wafanyakazi, hilo ni jambo la aibu kidogo.

Siku moja, miaka ya mwishomwisho ya themanini, meneja wa wafanyakazi alituita sote uani. Alikuwa mtu wa tai, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alisema kuna amri kutoka makao makuu: kila kiwanda chao duniani kiwe na kamati ambamo wafanyakazi wanasikilizwa. "Msikilizwe," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza chanjo ya mbwa. Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikipiga kura kwa mlolongo: mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, wanahesabiwa. Na sisi tungefanya hivyo hivyo. Chini ya tangi la maji alikuwa amekwisha kusimamishwa karani wa stoo, ambaye kila mtu alijua anakunywa chai ofisini kwa meneja. Mwingine wa kugombea hakuwepo. Nani angejitokeza, aonekane mchana?

Saa yenyewe ilikuwa kumi na moja kamili. Nilifanya hesabu yangu: wakimaliza kuhesabu, geti litasongamana. Kwa hiyo nikachukua baiskeli yangu nikasimama karibu kabisa na geti, nikilitazama.

Mwanamke mmoja wa kitengo cha kufunga mizigo akaja na kikapu chake. "Huu mlolongo ni wa nani?"

"Wa kwenda nyumbani," nikamjibu.

"Basi huo ndio wangu," akasema, akasimama nyuma yangu.

Akaja mwingine. Akaja Mama. Wakaja watu wa boila na wa lebo. Kila aliyeogopa kusema hamtaki karani aliona hapa kuna mstari usio na makosa, mstari wa baiskeli tu, akajiunga. Niliposikia minong'ono nyuma yangu nilidhani ni foleni ya geti inavyokua. Meneja alipokuja kusimama mbele yangu, tai imepinda, mstari ulikuwa umezunguka stoo na kurudi.

"Wewe unagombea?"

"Hapana, bwana."

"Geuka nyuma."

Nikageuka. Nyuso zote za kiwanda zilikuwa zikinitazama, na hakuna hata moja iliyoondoka.

"Bwana Meneja," Mama akasema kutoka mahali pake, "ulituambia tusimame nyuma ya mtu. Tumesimama."

"Lakini huyu anataka tu kwenda nyumbani."

"Hata sisi."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Nikapewa wenzangu wawili katika kamati: karani wa stoo, kwa kuwa alikuwa wa pili, na yule mwanamke mwenye kikapu, kwa kuwa meneja alisema lazima mwanamke awepo. Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kiliniita Mwakilishi, kwa sauti ile ile wanayomwitia mbwa mdogo Simba.

Tulikutana kila mwezi, na nakiri biskuti zilikuwa nzuri. Kumbukumbu za mkutano zilikuwa zimepigwa taipu kabla ya mkutano. Daima zilimalizika kwa sentensi moja: wawakilishi walisikilizwa na wakakubali. Chini yake palikuwa na mstari wa sahihi, na mimi nilikuwa na sahihi nzuri sana, yenye mkia. Tulikubali rangi ya aproni. Tulikubali tarehe ya sherehe ya Krismasi. Ushindi wangu mkubwa katika miaka yote hiyo ulikuwa paa la banda la baiskeli, na msiniulize nani alikuwa na baiskeli.

Kisha zamu ya uani ikafutwa. Wiki moja tulikuwa tukitoka kila dakika ishirini, wiki iliyofuata tukaambiwa tunanusa kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana bila kuinuka, kwa sababu maduka yanataka sharubati zaidi. Watu walinijia. Niliwaambia imetoka ng'ambo, mimi ningefanya nini. Nikapanda baiskeli.

Miaka ikapita hivyo, tukaingia tisini. Ndipo ilipokuja chupa ya Milimani.

Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa na wageni nyumbani kwake, huko kwenye nyua za maua na mbwa wa kizungu. Sharubati yetu ikamiminwa, na glasi ya kwanza ikatoa harufu ya taa ya chemni. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyeumwa. Lakini chupa ilirudishwa kiwandani kwa gari, imekaa peke yake kiti cha nyuma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Alama kwenye lebo ilionyesha siku na kiti. Kiti cha kwanza. Mama akapewa barua.

Kanuni za makao makuu zilisema mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya miaka kumi hafukuzwi mpaka kamati isikilizwe na kutia sahihi. Na mgeni kutoka makao makuu alikuwa akija wiki ile ile. Meneja alitaka faili liwe safi kabla mgeni hajaondoka. Kilichobaki kilikuwa mkia wa sahihi yangu.

Mama aliniita uani saa ya chakula. "Keti, Mwakilishi." Nikaketi juu ya kreti. Alikuwa akimenya ndizi bila kuitazama. "Sikiliza. Mimi sina pua."

"Unasema nini?"

"Nasema sina pua. Tangu mvua ya mwaka juzi, labda kabla. Maziwa yaliungua nikiwa nimesimama juu yake, jirani ndiye alikuja kuniambia. Mvuke ule umeimaliza."

Nilipiga hesabu kichwani. Miaka miwili, kila siku, chupa kutwa nzima. "Sasa umekuwa ukijuaje?"

Alinitazama kama alivyonitazama siku yangu ya kwanza kazini. "Sisimizi. Chupa iliyolala na utamu ndani ina sisimizi au alama zao. Ya mafuta ya taa hawaikaribii. Isiyo na sisimizi naielekeza dirishani. Kama ilikuwa na mafuta, chini kabisa kuna rangi rangi kama kwenye maji ya gereji. Na shingoni kidole kinateleza kidogo. Kinateleza tofauti na sabuni."

"Na hii ya Milimani?"

"Kuna mtu aliiosha kwa sabuni na maji moto, akaipangusa, ndipo akairudisha dukani. Adabu ya mtu mmoja, nisiyemjua, ndiyo inanifukuza kazi." Akacheka, kisha akaacha. "Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikitoka kwa barua hii, natoka kama mtu aliyetilia watu sumu. Sitaki kuhurumiwa na sitaki kutafutiwa kazi ya kufagia. Nataka kiti changu. Wanataka uandike kwamba umekubali nitoke. Utaandika?"

"Nitaangalia."

"Wewe? Wewe utaangalia saa."

Hilo liliniuma kwa sababu wakati anasema, nilikuwa nimeitazama.

Siku iliyofuata nikaenda kwa karani wa stoo, aliyetunza mafaili ya kamati, nikaomba ile amri ya kufuta zamu ya uani. Nilitaka kumwonyesha mgeni kwamba kosa limetoka kwao wenyewe. Karani alinipa faili akitabasamu, na wakati ule sikuelewa kwa nini. Kurasa nne. Mpangilio mpya wa kazi. Ukurasa wa tatu ulisema mapumziko ya pua yameondolewa kwa mashauriano na wafanyakazi. Ukurasa wa nne ulikuwa na sahihi moja, yenye mkia.

Nikakumbuka siku yenyewe. Ijumaa, baada ya king'ora. Karani alinikimbilia bandani na makaratasi, nami nikatia sahihi juu ya kiti cha baiskeli, mguu mmoja tayari kwenye pedali. Haikutoka ng'ambo. Ilitoka kwenye banda lenye paa nililolipigania mwenyewe.

Ningeweza kurudisha faili na kunyamaza. Nilifikiria hivyo, na nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kisha nikaenda kwenye mashine na kuwaambia wote saba, nikipiga kelele kwa sababu ya mngurumo, kwa hiyo hata aibu yangu ilibidi niitangaze kwa sauti. Chupa ziliendelea kupita. Mwishowe Mama akasema, bila kunitazama, "Basi kesho kwenye mkutano usitafute baiskeli."

Mgeni alikuwa mzee mrefu mwenye shati la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Alizungumza Kiingereza cha polepole, kwa kuwa hata kwake hakikuwa lugha ya nyumbani. Alitueleza kwamba kwao sheria inataka wafanyakazi wakae meza moja na wenye kampuni, waulizwe kabla jambo halijafanywa, na kwamba kumbukumbu zetu za Kisumu zinasomwa kwenye meza hiyo. Kwa hiyo kuna watu, mahali penye theluji, wamekuwa wakisoma miaka yote hiyo kwamba mimi nimekubali.

Meneja alieleza habari za chupa ya Milimani, kisha akanisukumia karatasi. Sentensi ilikuwepo tayari. Wawakilishi walisikilizwa na wakakubali.

"Sijakubali," nikasema kwa Kiswahili.

Meneja akadhani hakusikia. "Lakini wewe huwa unatia sahihi."

"Ndiyo. Nimeacha."

Mwenzetu wa kikapu alikohoa kwenye kikombe chake. Karani alichunguza biskuti. Meneja akamwambia mgeni kwamba jambo ni jepesi, na kwamba ameleta njia ya haki. Akafunua kitambaa pembeni: chupa sita zenye namba. Mama aitwe, anuse mbele ya wote. Akiziweza, barua itachanwa.

Nilijua hataziweza. Zilikuwa zimekaushwa na kung'arishwa, hazina hata kivuli cha sisimizi. Nikasimama, nikasema kazi hii ni ngumu kuliko wanavyofikiri, niacheni nianze mimi muone. Nilikuwa na hakika na pua yangu. Mpango ulikuwa nizipatie zote polepole, kwa maringo kidogo, nieleze habari za mvuke na dakika ishirini, saa ya chakula ifike kabla Mama hajaitwa.

Nikainua ya kwanza. Mzima. Ya pili, mzima. Ya tatu. Ya nne. Nilipofika ya sita nilikuwa nimesema mzima mara sita. Mgeni aliichukua namba nne, akaipeleka puani, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Unafanya mzaha," meneja akaniambia.

Nikaichukua tena. Nilivuta kama mtu wa ugoro, nikavuta mpaka kifua kikawa baridi. Ilikuwa hewa tu. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi ule mke wangu alikuwa ameniuliza mara mbili kama nimemkasirikia, kwa sababu sikusifu mchuzi. Nilimjibu nimechoka. Mtu wa nyumbani kama mimi, niliyekanyaga pedali kila jioni nikifuata harufu ya samaki wangu, kumbe nilikuwa nafuata mazoea.

Sikuwa na mpango mwingine. "Si mzaha," nikasema. "Sisikii kitu. Pua yangu imekufa na sikujua mpaka sasa hivi, mbele yenu."

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama kizingitini na wanusa wenzake sita nyuma yake, na mikono yao ilikuwa bado na maji.

"Ingia, Mama," meneja akasema. "Ni zamu yako."

"Wadagi," akasema Mama kwa Kijaluo. Tumekataa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili kila mtu apate fungu lake. "Hatunusi hizo. Si mimi, si hawa. Mnataka kutupanga mmoja mmoja mjue nani ameharibika mumtupe, halafu mlete pua mpya muichome tena. Tulikuja hapa tukiwa na pua. Tuliziacha kwenye mashine yenu. Mkitaka kuzitafuta, zitafuteni huko."

Mgeni akauliza anasema nini. Meneja akamtafsiria kwamba Mama anaomba msamaha na anaomba afikiriwe kwa sababu ya umri wake.

Mimi si mtu wa kupenda kugombana na watu wenye tai. Lakini nilisikia, na nilikuwa na cheti kwenye fremu. Nikasema kwa Kiingereza, hapana, hakusema hivyo. Kiingereza changu kilitoka kama trekta la miwa kwenye matope, kikizunguka pale pale, kikirusha udongo, lakini kilitoka. Nikamweleza neno kwa neno, pua, mashine, kuchoma. Nikaeleza dakika ishirini zilikuwa za nini. Nikamfungulia ukurasa wa nne wa lile faili, nikaweka kidole juu ya mkia wa sahihi.

"Hii ni yako?" akauliza mgeni.

"Ni yangu. Sikuisoma."

Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa hiyo ulikubali."

"Nilitia sahihi. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali, na mimi sikuuliza nakubali nini. Hawa saba hawakuulizwa kabisa. Sasa ulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Nikavuta ile karatasi ya siku hiyo, nikakata maneno "na wakakubali" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake kwa mkono: hawakukubali, pua zimeharibiwa na mvuke, zamu ya uani irudishwe, barua ya Mama ifutwe. Nikatia sahihi. Mwenzetu wa kikapu akanyoosha mkono, akaichukua kalamu, akatia yake, polepole, herufi moja moja. Karani alisema mkono unamuuma. Mgeni aliikunja karatasi ile, na badala ya kuirudisha kwenye faili akaitia katika mkoba wake mwenyewe. Hakuahidi kitu. Siwezi kusema kwamba alikuwa upande wetu.

Kesho yake Mama aliambiwa abaki nyumbani mpaka aitwe. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake kabla ya king'ora. Askari wa geti alisema hakumwona akiingia, na yule askari alikuwa na macho ya kuona kunguru ng'ambo ya ziwa. Meneja alimwambia aondoke. Mama aliendelea kuinua chupa.

Tulipofika dakika ya ishirini, akatazama saa ya ukutani, akainuka, akaenda uani. Sote tukainuka nyuma yake. Mashine ikaendelea kuzunguka bila chupa, ikiosha hewa. Tulipanga kreti kwa dakika ishirini, tukapiga chafya wenye kupiga, tukarudi. Tulifanya hivyo kutwa, na siku ya pili, na ya tatu. Tulitishiwa wote kupewa barua. Mwenzetu mmoja aliuliza kama barua hizo nazo zitahitaji sahihi ya kamati, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Jumamosi alasiri dereva wa kampuni alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa kwenye kiti changu. Aliniletea kumbukumbu mpya za mkutano, zimepigwa taipu vizuri, na kalamu.

"Wamesema utie tu hapa, Mwakilishi. Injini nimeiacha ikiwaka."

"Kaizime," nikamwambia. "Unywe chai."

Nilisoma. Kurasa tatu, kila mstari, hata namba za chini. Mke wangu alimwongezea dereva chai mara mbili. Karatasi haikusema tena kwamba tumekubali Mama afukuzwe. Ilisema tumekubali ahamishiwe kufagia bohari, kwa hiari yake.

"Rudi nazo," nikasema. "Hana hiari hiyo."

"Wataniuliza umesema nini."

"Waambie nimesoma yote."

Wiki nyingine nzima ilipita. Sijui ni meza ya penye theluji iliyosema neno, au ni maduka yaliyopiga simu kwa kukosa sharubati, na meneja hakuwa mtu wa kutueleza. Alhamisi asubuhi tangazo lilibandikwa ukutani: wanusa watapumzika uani kila dakika ishirini. Barua ya Mama ilirudishwa kwenye faili ikiwa na neno "onyo" badala ya lile jingine. Mimi nilihamishiwa lebo, kwa kuwa nilikuwa nimejitangaza mwenyewe. Hilo nililikubali, baada ya kulisoma. Mvuke wenyewe haukuondolewa. Tuliudai miaka iliyofuata, na hilo ni gomvi jingine.

Kutoka kwenye meza ya lebo niliweza kuona kiti cha kwanza. Asubuhi ile ya tangazo meneja alishuka na kusimama kando ya Mama, mikono nyuma. Akamtazama akiinua chupa. Mama hakuipeleka puani. Hakuwa na sababu tena ya kujificha. Aliigeuza dirishani, akapitisha kidole shingoni, akaiweka kushoto.

"Mgonjwa," akasema.

Meneja akaiokota, akatazama huku na huku, akainusa. Kisha akainama, akairudisha pale pale kushoto, akapanda ngazi kwenda ofisini kwake.